Hedhi imepotea miezi minne, je, niache ugali?

Barua za safari hii zimetoka Nkuhungu, Chamwino, Kondoa, Mpwapwa na kwenye mabweni ya chuo hapa Dodoma. Karibu zote zinataja PCOS, hali ambayo mayai ya mwanamke hayapevuki kwa mpangilio, hedhi huvurugika, na homoni za kiume mwilini hupanda kuliko inavyotakiwa. Takribani mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa ana hali hii, na wengi hawajui kama wanayo. Barua ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu imebeba maswali ya wengine.

Shikamooni. Nina miaka 27 na kilo 84, naishi Nkuhungu. Mwaka jana niliona hedhi mara tano tu, na sasa ni mwezi wa nne sijaiona. Ultrasaundi ilionyesha vivimbe vingi kwenye ovari zote mbili, nikaambiwa ni PCOS, nikapewa metformini, ile dawa ya kisukari, na kuambiwa nipunguze uzito. Shoga zangu wanasema niache ugali kabisa, nile shayiri ya pakiti na vyakula vya supamaketi, lakini mshahara wangu hauruhusu. Asubuhi nakunywa chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari na chapati mbili. Mchana ni wali maharage kwa mama lishe pamoja na soda, usiku ugali na mlenda. Nianzie wapi?

Marahaba, mdogo wetu. Anza na hiyo miezi minne. Pima mimba kwanza, hata kama unaamini haiwezekani, kisha rudi kwa daktari. Hedhi isipokuja, utando wa ndani wa mfuko wa uzazi unaendelea kujijenga bila kumwagika, na ukizoea kukaa hivyo kwa miaka, hatari ya saratani ya mfuko wa uzazi huongezeka. Ndiyo maana haifai kupitisha siku 90 bila kuona damu. Daktari ana vidonge vya homoni vya kuiteremsha. Chakula kitafanya kazi yake polepole, lakini hili halisubiri chakula.

Hivyo vilivyoitwa vivimbe ni vifuko vidogo vya mayai yaliyoanza kukua yakaishia njiani. Havipasuliwi wala hakuna dawa ya kuviyeyusha, na anayekuuzia ya namna hiyo anakula pesa yako.

Sasa chakula. Ukila wanga, sukari huingia kwenye damu, na kongosho hutoa insulini ili misuli iipokee. Kwa wengi wenye PCOS misuli ni mizito kuitikia, hivyo kongosho huongeza insulini nyingine juu ya ile ya kwanza. Tatizo ni kwamba ovari zinaitikia vizuri tu. Insulini hiyo ya ziada inazichochea kutengeneza testosteroni nyingi, ndiyo homoni ya kiume, na wakati huohuo inalifanya ini lipunguze protini ambayo kwa kawaida huishika testosteroni isizurure kwenye damu. Hapo ndipo zinapotoka chunusi za kidevuni, ndevu, nywele za kichwani kupungua na yai kukwama. Kama una weusi mzito shingoni au kwapani, ni alama ya insulini nyingi. Acha kuusugua kwa dodoki na limao, si uchafu.

Kwa hiyo lengo lako ni kuipunguzia kongosho kazi katika kila mlo. Huhitaji kuuacha ugali. Unahitaji kupunguza wingi wake, na kubadilisha kilicho pembeni yake.

Tuanze na asubuhi, maana hapo ndipo mambo yanapoharibika zaidi. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa ni karibu gramu 4, na kile cha kurundika hufika 6 au zaidi. Vijiko vitatu kwa kikombe, ukinywa vikombe viwili kwa siku, tayari umefika gramu 24 au umezipita, na Shirika la Afya Duniani linasema ni vyema sukari ya kuongeza isizidi kama gramu 25 kwa siku nzima. Soda ya mililita 350 peke yake huwa na kama gramu 35 hadi 40. Ukiiacha soda tu, bila kugusa kitu kingine, umeondoa karibu vijiko tisa vya sukari kila siku. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, na haigharimu kitu, tena inakurudishia pesa.

Sukari ya chai ipunguze nusu kijiko kila wiki. Anayeiacha ghafla hurudi kwa kishindo siku ya tatu. Ongeza tangawizi, iliki na mdalasini kwenye maziwa yanapochemka, ulimi hautadai sana. Chapati mbili zigeuze kuwa moja, na iambatane na mayai mawili ya kuchemsha au kikombe cha maharage ya jana. Siku nyingine badala ya chapati chemsha kiazi kitamu kimoja cha ukubwa wa ngumi pamoja na maganda yake, ule na glasi ya maziwa mgando yasiyo na sukari na karanga kiganja kimoja. Mlo wa asubuhi wenye gramu 20 hivi za protini unakuvusha hadi mchana bila kutafuta andazi saa nne. Yai moja lina gramu 6, glasi ya maziwa karibu 8, kiganja cha karanga 7 au 8, kikombe cha maharage yaliyoiva karibu 15. Hesabu ni rahisi.

Mchana kwa mama lishe usione haya kuagiza: "Mama, wali nusu, maharage mara mbili, na mboga ya majani iwe nyingi." Wengi watakubali bila neno, maana wali ndio unaowamalizia mchele. Unachotaka ni wali usiozidi kikombe cha robo lita, maharage kiasi hichohicho, na mchicha, matembele au chainizi ijaze nusu ya sahani. Anza na mboga na maharage, wali umalizie. Sukari hupanda taratibu zaidi hivyo kuliko ukianza na wali mtupu. Ukimaliza tembea dakika 10 hadi 15 kabla ya kukaa kwenye kiti cha ofisi. Jua la Dodoma la saa saba ni kali, hilo tunalijua, lakini hata kuzunguka kwenye kivuli cha jengo kunatosha, kwa sababu misuli inayotembea hupokea sukari bila kusubiri insulini nyingi.

Usiku una ugali na mlenda, na hapa una bahati ambayo walioko kwingine hawana. Ule utelezi wa mlenda ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka, na huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Lakini mlenda una mtego wake. Unateleza, hivyo tonge linashuka bila kutafunwa, na mtu hula ugali wa ngumi tatu akidhani amekula kidogo. Pika ugali, kata kipande cha ukubwa wa ngumi yako iliyofungwa, weka kwenye sahani yako, sufuria irudi jikoni. Ukila kwenye sinia la pamoja hutajua umekula kiasi gani, kwa hiyo miezi ya mwanzo pakua chako pembeni na uwaeleze nyumbani sababu, wasidhani umewasusia.

Mlenda peke yake hauna protini ya kutosha. Kwa mtu mmoja weka vijiko viwili vya chakula vya karanga zilizosagwa, na pembeni kuwe na dagaa wa kukaanga kidogo, au kunde, choroko, njugu mawe, kipande cha kuku, au samaki wa Mtera wakipatikana. Magadi punguza hadi yale ya kuonjea. Yanaongeza sodiamu, na wenye PCOS wako karibu na shinikizo la damu kuliko wenzao.

Mafuta ya alizeti ni mazuri, lakini kijiko kimoja cha chakula kina kalori karibu 120, na mkono unaomimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu hauhesabu. Pima kwa kijiko: kimoja kwa kila mlaji kwa chungu kizima cha mboga kinatosha. Parachichi kula ukilipata, usilifanye sharti.

Kuna mambo matatu ambayo huwaangusha wengi. La kwanza ni kuruka mlo wa mchana ili "kubana", kisha usiku ukala sahani mbili. La pili ni kuongeza maharage na kunde kwa pupa. Tumbo ambalo halijazoea hujaa gesi, na kwa kuwa metformini nayo mwanzoni huvuruga tumbo, mtu hulaumu vyote viwili na kuacha vyote viwili. Wiki ya kwanza anza na nusu kikombe, loweka usiku kucha saa 8 hadi 12, mwaga maji ya kulowekea, chemsha kwa maji mapya. Utaokoa na mkaa. La tatu ni kumeza metformini tumbo likiwa tupu. Imeze katikati ya mlo au mara tu baada ya mlo. Madaktari wengi huanza na miligramu 500 kwa siku na kupandisha polepole, kwa hiyo kama ulianzishiwa dozi kubwa na unaharisha, rudi ukaseme badala ya kuitupa. Ukiitumia kwa miaka, omba upimwe vitamini B12, na usiache kula mayai, maziwa, dagaa na maini mara mojamoja.

Kuhusu uzito, huhitaji kurudi kwenye kilo za harusi. Asilimia 5 ya kilo 84 ni kilo 4 na kidogo, na kwa wengi hapo ndipo hedhi huanza kukumbuka njia. Ukifika asilimia 10, yaani kilo 8 na nusu hivi, vizuri zaidi. Jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya chai. Pima na kiuno kwa futi ya fundi cherehani, kwa sababu kiuno mara nyingi hupungua kabla mizani haijasema kitu. Kwa mwanamke, kuzidi sentimita 80 ni dalili ya kuanza kujihadhari.

Hapa Chamwino tunaambiwa ugali wa uwele na mtama ni dawa ya sukari na PCOS, wa mahindi ni sumu. Ni kweli? Na uji wa lishe je?

Si kweli kwa namna ilivyosemwa. Uwele, mtama na ulezi vina nyuzinyuzi, chuma na magnesi zaidi ya sembe nyeupe iliyokobolewa, na huko kwenu ndivyo vinavyostahimili ukame, kwa hiyo tunaviunga mkono kwa moyo wote. Lakini wanga ni wanga. Uwele uliokobolewa, ukalowekwa, ukasagwa laini kama poda, hupandisha sukari karibu sawa na sembe. Kinachoamua zaidi ni mambo matatu: kama pumba imeachwa, unga umesagwa laini kiasi gani, na kipande ni kikubwa kiasi gani. Ngumi moja inabaki ngumi moja, hata unga uwe wa rangi gani.

Ukitaka faida kamili, sagisha bila kukoboa na mwambie wa mashineni asiulainishe sana. Bora zaidi ni kula nafaka nzima: mtama mzima uliochemshwa na kunde kama makande, kunde zikiwa sehemu mbili na mtama sehemu moja. Makande ya mahindi nayo yafuate uwiano huo, si ule wa kawaida ambao maharage huonekana kwa bahati.

Tahadhari moja ambayo washauri wengi wanaosema "kula dona" huisahau ni sumukuvu. Mwaka 2016 ilileta vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara kupitia mahindi yaliyoota ukungu. Sumu hiyo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini cha punje, hivyo asiyekoboa ana sababu ya kuchambua zaidi ya anayekoboa. Toa punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zenye rangi ya kijani au nyeusi, kabla hazijafika mashineni. Karanga vilevile: iliyokunjamana au yenye ladha chungu itemwe nje, usiimeze kwa kuihurumia pesa. Kuchemsha na kukaanga hakuiondoi sumu hiyo.

Uji wa lishe wenye nafaka tano au sita, uliosagwa laini na kutiwa sukari, ni chakula kizuri cha mtoto anayetakiwa kuongezeka uzito. Wewe unatakiwa kufanya kinyume. Ukiutaka, ulezi mtupu vijiko vitatu vya chakula kwa kikombe, maziwa badala ya sukari, kijiko cha karanga, na kikombe kiwe kimoja.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nina kilo 52 na urefu wa sentimita 163. Nina PCOS, na kila ninapoingia kwa daktari naambiwa nipunguze uzito. Nimeacha wanga wote, sasa nazimia darasani na hedhi imepotea kabisa.

Rudisha wanga leo. Kilo 52 kwa urefu huo ni uzito mzuri, na huna cha kupunguza. Mwanamke mwembamba anaweza kuwa na PCOS kamili, na hata ugumu wa misuli kuitikia insulini, lakini tiba yake si njaa. Mwili unaokosa chakula cha kutosha huzima hedhi wenyewe kwa njia nyingine kabisa, na sasa huenda una sababu mbili badala ya moja. Mweleze daktari hasa ulivyokuwa unakula, na kama hujapimwa tezi ya shingo na prolaktini, homoni ya maziwa ya mama, uliza, maana vyote viwili huvuruga hedhi na kufanana na PCOS.

Kula milo mitatu kwa wakati, kila mmoja ukiwa na wanga ngumi moja na protini kiganja kimoja. Chipsi mayai ya jioni si uhalifu, lakini mwambie muuzaji chipsi nusu, mayai mawili, na kachumbari nyingi. Ongeza mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki: kuchuchumaa na kusimama mara 12, kujisukuma ukiegemea ukuta mara 12, kupanda ngazi za bweni, mizunguko mitatu. Misuli ikiongezeka, insulini inapata pa kupeleka sukari, na wewe hujapungua hata gramu.

Assalaam alaykum. Niko Kondoa, natumia metformini asubuhi na jioni. Mwezi wa Ramadhani nifanyeje? Na futari zetu ni uji, tende, kaimati na viazi.

Waalaykumu salaam. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, kwa hiyo wengi wenye PCOS hufunga bila shida. Wanaotumia mara mbili kwa kawaida huhamishia dozi moja kwenye futari na nyingine kwenye daku. Muone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, hasa kama una dawa nyingine ya kisukari au una mimba.

Futuru kwa maji na tende moja hadi tatu. Tende moja ndogo ina sukari ya kama kijiko kimoja cha chai, hivyo bakuli la tende ni bakuli la sukari. Kisha supu ya kuku au ya dengu, au uji mwembamba wa ulezi usio na sukari. Baada ya Magharibi ndipo mlo wenyewe. Chagua wanga mmoja, basi: ikiwa kuna viazi, usiweke na mihogo, na tambi, na kaimati. Shida kubwa ya futari zetu ni kwamba mezani kuna wanga aina tano na nyama kidogo. Kaimati mbili zitengee Ijumaa. Kutembea kwenda na kurudi Tarawehe kunahesabika kama mazoezi.

Daku usiiache, na isiwe chai na mkate. Maharage au choroko kikombe kimoja, yai, ugali wa dona nusu ngumi, maziwa mgando, maji glasi mbili. Ukiona kizunguzungu, kutetemeka au kutapika mchana, fungua. Dini imetoa ruhusa kwa mgonjwa, nanyi mnalijua hilo kuliko sisi.

Binti yangu ana miaka 14, yuko bweni Mpwapwa. Alivunja ungo akiwa na 13. Hedhi inakuja baada ya siku 38, mara 42, na ana chunusi. Ultrasaundi imeandika PCOS. Nimwanzishie chakula gani?

Mama, tulia kwanza. Katika mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo, hedhi isiyo na mpangilio ni kawaida. Kuanzia hapo hadi mwaka wa tatu, mzunguko wa siku 21 hadi 45 bado unahesabiwa kuwa wa kawaida, na siku 38 au 42 zimo humo. Ultrasaundi ya ovari haitumiki kabisa kuthibitisha PCOS hadi ipite miaka 8 tangu kuvunja ungo, kwa sababu ovari za wasichana wengi wenye afya njema huwa na vifuko vingi. Kwa maelezo uliyotuandikia, jina hilo amepewa mapema mno. Mpeleke akaangaliwe upya ikiwa mizunguko itazidi siku 45, zikipita siku 90 bila damu, ikitoka damu nyingi isiyokatika, au akiota ndevu.

Msimpe chakula cha kupunguza mwili, bado anakua. Makande na ugali maharage wa bweni si mbaya hata kidogo, mwambie tu asimwage maharage akanywa mchuzi. Katika sanduku lake badala ya biskuti na sharubati ya unga, mwekee karanga za kukaanga, dagaa waliokaangwa wakakauka, na ubuyu wa unga usiotiwa sukari wala rangi. Zabibu za msimu ni tunda zuri, kama 15 kwa mara moja, azile na maganda yake, asizikamue juisi.

Nimeuziwa unga wa mitishamba wa "kusafisha kizazi na kubalansi homoni". Wengine wananishauri uwatu, mdalasini, siki ya tufaa na asali. Nitumie kipi?

Cha kwanza usitumie. Kizazi hujisafisha chenyewe kwa hedhi, na unga usioandikwa kilichomo unaweza kuwa na chochote, ikiwemo dawa za kizungu zilizosagwa. Kufukiza uke kwa mvuke na kuingiza dawa ukeni ni hatari ya maambukizi, tena yale yanayoziba mirija. Mdalasini wa kwenye chai hauna neno, ila usile kwa vijiko, kwa sababu ule wa kawaida madukani una kemikali inayolichosha ini. Uwatu ni chakula kizuri cha nyuzinyuzi na hushusha sukari kidogo, kwa hiyo kama unatumia dawa za kisukari mwambie daktari, na ukiwa mjamzito uache. Siki inachoma koo na meno kuliko inavyosaidia. Asali ya Manyoni ni tamu na safi, na kwa mwili wako bado ni sukari.

Nimeolewa miaka mitatu, sijashika mimba, mama mkwe ananiangalia tumbo. Nimebadili chakula wiki sita sasa na sioni kitu. Nisubiri hadi lini?

Pole, dada. Wiki sita ni mapema. Sukari ya damu huanza kubadilika ndani ya wiki chache, lakini yai huchukua miezi kadhaa kukua, hivyo hedhi ipe miezi 3 hadi 6. Chunusi hufuata. Ndevu huchelewa zaidi ya vyote, miezi 6 na kuendelea, kwa sababu kila unywele una msimu wake. Weka daftari: tarehe ya hedhi, siku ilizodumu, kiuno, uzito. Usitegemee kumbukumbu, na daktari ataliheshimu daftari kuliko maneno.

Lakini kwa miaka mitatu ya ndoa usikae kusubiri chakula peke yake. Nenda kliniki sasa, chakula kiendelee hukohuko. Na mumeo apimwe mbegu wiki hiyohiyo. Kipimo chake ni rahisi kuliko vyako vyote, na inauma kuona mwanamke anahangaishwa miaka wakati hakuna aliyemuuliza mwanaume. Hata mama mkwe anaweza kuambiwa hilo kwa heshima, na ni vizuri likisemwa na mwanawe mwenyewe.

Kliniki omba upimwe kisukari kwa kunywa maji yenye gramu 75 za glukosi na kutolewa damu baada ya saa mbili. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kinaweza kusoma vizuri huku tatizo lipo. Ikithibitika kwamba yai ndilo lililokwama, dawa ya kwanza ya kulichochea siku hizi ni letrozoli, vidonge vya siku tano mwanzoni mwa mzunguko. Usinunue mwenyewe dukani, maana huanza kwa kuhakikisha huna mimba, na hufuatiliwa.

Anza vidonge vya vitamini iitwayo foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku tangu sasa. Mchicha na kunde vina foleti, yaani vitamini hiyohiyo ya kwenye chakula, ila havitoshi kwa anayetafuta mimba. Na wengine mnaosoma hapa ambao hamtaki mimba kwa sasa: chakula kikianza kufanya kazi, yai linaweza kupevuka kabla hujaona hedhi hata moja. Tumieni uzazi wa mpango tangu siku mnayobadilisha sahani.